Betri Niliyoing'oa Siku ya Fahali

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na sita, baba wa watoto wanne, mkulima wa hapa Ikolomani, karibu na Malinya. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Julai ya mwaka jana. Limenishinda kulibeba...

Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni Senge Abigaeli; senge kwetu ni shangazi, dada wa baba. Alinilisha pamoja na binti yake Rose, na sikuwahi kuona sahani ya Rose ikizidi yangu. Mumewe alipokufa aliacha pikapu kuukuu ya dizeli, yenye umri mkubwa kuliko mke wangu. Rose alikuwa ameolewa Nakuru, basi Senge akanipa mimi funguo. Sharti lilikuwa moja tu: mtu wa boma hili akiugua, gari liwe tayari.

Gari la dizeli la zamani lina madeko yake, hasa Julai, ukungu unapotanda kwetu mpaka saa tatu asubuhi. Huwashi tu ukaondoka. Unazungusha ufunguo kidogo, taa ya manjano inawaka, unangoja mpaka plagi zipashe injini joto na taa izime. Senge hakuwahi kushika usukani maishani, lakini mumewe alikuwa amemfundisha kuhesabu hadi ishirini. Nikiwa na haraka alinicheka kutoka jikoni: "Wewe unaharakishanga kama mwizi wa kuku! Hesabu!"

Kila jioni gari lililala juu ya mteremko wa boma letu, ili betri ikigoma lisukumwe kidogo tu liwake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Jumamosi moja fahali wa ukoo wetu alikuwa anapigana na fahali wa ukoo jirani, nami ndiye niliyekuwa kiongozi wa mashabiki. Ngoma za isukuti tulikuwa nazo, lakini wenzangu wakataka na spika kubwa ili wale wa upande wa pili wasisikike kabisa. Spika inataka betri. Wote wakanitazama mimi... mwenye gari ni nani? Tukaliachilia gari literemke hadi uani, fahali na ngoma zake wapate njia, kisha nikaing'oa betri. Senge aliniona nikiibeba begani. Akauliza kama itarudi na nguvu. Nikamwambia nitaipitisha sokoni ichajiwe.

Fahali wetu akashinda! Tuliimba mpaka sauti zikakauka, na betri ikaimba nasi mpaka ikanyamaza. Jioni nikairudisha mahali pake ikiwa tupu. Ningeenda kuchaji saa ngapi, na mimi nilikuwa shujaa? Na gari nikaliacha pale pale uani, penye tambarare. Nilisema kesho.

Jumapili kulipokucha mke wangu aliniamsha akilia. Senge alikuwa na pumu ya miaka mingi, na baridi ya asubuhi ile ilikuwa imembana. Kifua chake kilipiga filimbi! Tukamfunga blanketi, tukamketisha kiti cha mbele. Nikazungusha ufunguo. Taa ya manjano ikawaka, ikafifia. Stata ikasema tik... tik... basi.

Nilijua. Jamani, nilijua pale pale! Lakini nilisema nini? "Ni baridi tu hii. Litawaka."

Mke wangu akataka kuita boda. Nikamkemea mbele ya watu, eti mgonjwa wa pumu hapandishwi pikipiki kwenye baridi. Majirani wakasukuma kwenye matope, hatua kumi, likakwama. Nikaagiza maji ya moto, nikayamwaga juu ya injini. Nikasukuma jiko la makaa chini yake. Jiko lingeijaza betri? Niliogopa tu kutamka kwamba nguvu za gari la mgonjwa nilizimaliza nikicheza densi.

Na kila niliporudi kwenye usukani, Senge alianza kuhesabu. "Moja... mbili..." Pumzi zilikuwa zinamkatika, naye anazitumia kunihesabia mimi! "Pole pole, mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu. "Hiyo taa haijazima."

Mara ya mwisho alifika kumi na nne.

Mke wangu aliita boda bila kuniuliza. Karibu saa nzima ilikuwa imepita. Senge alifika hospitali akiwa hai, lakini adhuhuri akatuacha. Daktari aliuliza mbona tulichelewa. Nikajibu, gari. Gari!

Rose alikuja kutoka Nakuru, akanikumbatia: "Asante kaka, najua ulijaribu." Siku ya mazishi jeneza lilibebwa na pikapu ile ile, nikiwa nimeichaji betri. Gari liliwaka mara ya kwanza. Watu wakasema hata gari linamheshimu mama huyu. Nilitamani ardhi ipasuke...

Mwezi uliopita nilimpigia Rose nikamweleza yote. Aliniuliza kitu ambacho sikuwa nimekiwaza: "Si umesema mama alikuona ukibeba betri?"

Ndiyo. Aliniona. Basi alipokuwa akihesabu pale mbele ya majirani, alikuwa amesahau... au alikuwa ananifunika aibu yangu? Sijui. Rose alikata simu na hajapiga tena, nami simlaumu.

Wenzangu wenye magari makuukuu, chajini betri zenu, egesheni kwenye mteremko. Lakini hilo silo lililomuua Senge. Pikipiki zilikuwa pale njia panda, mwendo wa dakika tano! Nawasihi, ukikosea, sema papo hapo, hata kama kijiji kizima kitakucheka. Mimi ningechekwa wiki moja tu, na Senge angekuwa jikoni asubuhi hii akinicheka pamoja nao.