Sekela na Mshale Unaozunguka

Sekela ana miaka sita. Anaishi Tukuyu, kwenye vilima vya chai na ndizi.

Rafiki yake ni Lugano. Lakini Lugano amehama. Amekwenda kuishi Mbeya na baba yake.

Kabla ya kuondoka, Lugano alificha kopo. Ndani ya kopo kuna zawadi ya Sekela.

"Lipo wapi?" Sekela aliuliza.

"Litafute!" alisema Lugano, akacheka.

Kisha Baba Lugano akampa Sekela jipiesi yake ya zamani. Ni mashine ndogo, inatosha mkononi. Ina kioo, na kwenye kioo kuna mshale.

"Iwekee namba za mahali," alisema Baba Lugano. "Mshale utakuonyesha njia."

Leo asubuhi namba za mahali lilipo kopo zimefika kwenye simu ya Mama. Mama ameweka betri mpya. Sekela amevaa buti zake za mvua.

Tii! Jipiesi ikawaka.

Sekela akakaa kwenye kochi. Akasubiri. Jipiesi ikaandika: Natafuta setilaiti.

Akasubiri tena. Natafuta setilaiti. Akasubiri mpaka miguu ikawasha.

"Mama, inatafuta nini humu ndani?"

Mama akatazama kioo. Akatazama dari. "Setilaiti ziko juu angani, mwanangu. Labda bati linaizuia isizione."

Wakatoka nje. Wakasimama katikati ya uwanja, mbali na migomba. Sekela akainua jipiesi juu, juu kabisa.

Tii! Tii! Tii!

"Imeziona!" akapiga kelele Sekela.

Mama akabonyeza namba za Lugano, moja baada ya nyingine. Ti, ti, ti, ti.

Mshale ukatokea! Ukaelekea huku. Halafu ukaelekea kule. Ukazunguka, zungu, zungu, zungu!

"Mshale, mshale, huku au kule?
Nikienda huku, unageuka kule!"

"Na hapa chini imeandika umbali," alisema Mama. Akasoma. Akasoma tena.

"Inasema nini, Mama?"

"Inasema kopo liko kilomita elfu mbili."

"Elfu mbili ni mbali?"

"Ni mbali kupita Kenya yote!"

Sekela akatazama buti zake. Lugano ana miguu mifupi. Amefikaje huko?

"Sielewi, Mama."

"Hata mimi sielewi."

Wingu jeusi likapita juu ya kilima. Ngurumo ikasema, guru, guru.

"Tuache mpaka kesho," alisema Mama.

"Hapana, Mama! Lugano ananisubiri. Atadhani sikulitafuta."

Mama akachuchumaa karibu naye. "Haya. Tuangalie tena pamoja."

Wakashika simu mkono huu. Wakashika jipiesi mkono ule. Sekela akatazama hapa. Akatazama pale. Namba ni zilezile.

Lakini mwanzoni kabisa kuna herufi.

"Mama! Hapa kwenye simu pana herufi imejipinda kama nyoka. Kwenye jipiesi hakuna nyoka!"

Mama akasogeza uso. "Hee! Kwenye simu ni S. Hiyo ni kusini. Kwenye jipiesi ni N. Hiyo ni kaskazini!"

"Sisi tuko wapi?"

"Sisi tuko upande wa kusini wa dunia. Mimi niliisahau kabisa hiyo herufi!"

Sekela akabonyeza mwenyewe. Ti! N ikaondoka. S ikaingia, imejipinda vizuri.

Kilomita elfu mbili zikatoweka. Sasa kopo liko mita mia tatu tu!

Sekela akarukaruka. Chwa, chwa, chwa, kwenye matope.

Lakini mshale... Mshale bado unazunguka. Zungu, zungu, zungu!

"Mshale, mshale, huku au kule?
Nikienda huku, unageuka kule!"

"Tumpigie Baba Lugano," alisema Mama.

Simu ikalia kule Mbeya. Krii, krii.

"Shikamoo, Baba Lugano. Mshale una kizunguzungu."

"Marahaba, Sekela. Mmebadilisha betri?"

"Ndiyo."

"Basi dira yake imechanganyikiwa. Chagua neno dira, halafu ishike jipiesi ilale sawa, kama bakuli la uji lililojaa. Ugeuke polepole. Uji usimwagike!"

Ghafla ikasikika sauti nyingine kwenye simu. "Sekela! Sekela! Nikwambie lilipo? Lipo karibu na..."

"Usiniambie!" Sekela akaziba masikio yote mawili.

Sekela akachagua neno dira. Akashika jipiesi ikalala sawa. Akageuka polepole, polepole, polepole. Akamaliza mduara. Akageuka tena.

Uji haukumwagika.

Tii!

Mshale ukatetemeka kidogo. Ukatulia. Ukanyooka.

"Mshale, mshale, huku au kule?
Umenyooka sasa! Mama, ni kule!"

Wakapita kando ya mashamba ya chai. Wakateremka kwenye kijito. Chururu, chururu, yalisema maji.

Mita hamsini. Mita ishirini. Mita tano.

Na hapo mshale ukaanza kucheza tena, huku na huku!

Sekela akataka kulia. "Mama, imeharibika?"

"Sidhani. Nadhani imetufikisha. Sasa tutumie macho."

Sekela akatumia macho. Akaona jiwe. Hakuna kitu. Akaona majani. Hakuna kitu. Akapiga magoti, akachungulia chini ya daraja la mbao.

Kulikuwa na kitu cha njano.

Kopo la siagi!

Pop! Kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na bangili ya shanga, nyekundu na bluu. Ilimkaa Sekela mkononi sawasawa.

Mvua ikaanza, ta, ta, ta. Wakakimbia mpaka nyumbani, wakicheka njia nzima.

Jioni Sekela akapiga simu. "Lugano, nimeivaa!"

"Na mimi nimevaa ya kwangu!" alisema Lugano. "Kata simu, Baba akutumie namba nyingine."

"Umeficha kopo jingine?"

"Hapana. Hizi ni namba za nyumba yetu mpya."

Mvua ilikuwa imekatika. Sekela akasimama uwanjani, akaziweka namba zile mwenyewe. Kilomita arobaini na tano. Mshale ukanyooka kuelekea milimani.

Akautazama kwa muda mrefu.

Kisha akaingia ndani, akapanda kitandani. Akauchukua mto wake, akauhamishia upande wa pili.

"Mbona unageuza mto?" aliuliza Mama.

"Nataka kulala nikiangalia kwa Lugano."

Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni. "Usiku mwema, Sekela."

"Usiku mwema, Mama," alisema Sekela. Halafu, kwa sauti ndogo, akauambia ukuta wa upande wa milimani: "Usiku mwema, Lugano."