Maoni ya Bwanali Kuhusu Msitu wa Ming'oko

Faidha alikuwa amekwishapita mkorosho wa mwisho akienda kuchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, jembe begani, kanga mpya kiunoni. Mbele yake ilionekana kofia ya Yeremia, afisa wanyamapori.

"Mama Hamudi!" mumewe Bwanali aliita kutoka barazani. "Siku hizi ming'oko inachimbwa kwa kanga mpya?"

"Ugali nimekufunikia, Baba Hamudi," alijibu bila kugeuka. "Afisa anataka kuona tunavyochimba."

Siku ya tatu hiyo! Wivu ulimpanda Bwanali. Ugali hakuugusa. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

Ukutani palikuwa na tangazo. Serikali inataka kuuhifadhi msitu wa mteremkoni kwa ajili ya sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye misitu yake inakwisha. Wananchi watoe maoni kabla ya Ijumaa jioni.

"Niandikie," alimwambia Oliva, mtendaji wa kijiji. "Msitu ufungwe kabisa. Asiingie mwanamke, lisiingie jembe."

"Sababu?"

"Sababu sengi."

Oliva alimtazama, akaandika. Bwanali akatia sahihi, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Kesho yake Yeremia aliitisha mkutano, akasoma maoni yote. Alipofika kwenye ya Bwanali, wanawake waliguna.

"Baba Hamudi," Faidha alisema, "mwezi wa pili ghala likiwa tupu tunakula nini? Si ming'oko ya msitu huo? Au utatuchemshia tangazo?"

Bibi Stamili, mkubwa wa wachimbaji, akasimama. "Huyu mume wangu mimi namjua," alimtania Bwanali. "Hamlilii sengi, analilia kofia! Mimi siku zote tatu nilikuwa mbele ya hiyo kofia, naonyesha njia. Wewe macho yako yaliishia mgongoni kwa mkeo!"

Watu walicheka. Bwanali aliinama, akachora chini kwa kidole cha mguu.

"Yangu yafutwe," alisema.

"Hayafutwi," Yeremia alijibu. "Ila unaweza kuongeza mengine kabla ya Ijumaa. Nikipeleka haya peke yake, atakayesoma huko wizarani hamjui Mama Hamudi. Ataona tu kwamba mwanakijiji ameomba msitu ufungwe. Jamani, maoni si kura. Tunapima sababu. Sema unatumia nini msituni, wapi, mwezi gani. Sema kinachouharibu, na unachopendekeza. Asiyejua kuandika aandikiwe, kisha asomewe kabla ya kuweka dole gumba."

Faidha akanyoosha mkono. "Sisi tunapochimba, kichwa cha mzizi tunakirudisha ardhini na shimo tunafukia. Kule korongoni sengi analala kwenye majani makavu. Huko hatutaingia. Lakini majani yale mwaka jana yaliungua."

"Moto wa nani?" Yeremia aliuliza.

Wanaume wakatazama pembeni. Yeremia alimsifu Faidha kwa maelezo yake. Bwanali hakuipenda sifa ile hata kidogo.

Ijumaa mchana alikuwa tena mbele ya Oliva.

"Andika. Mimi Bwanali, ninawinda panya. Tunachoma vichaka ili watoke. Moto ule ni wetu sisi wanaume, si wa wachimbaji. Upigwe marufuku. Wanawake waachiwe ming'oko yao."

"Na panya utawapataje?"

"Nitatega shambani. Andika mama, kabla sijabadili mawazo."

Oliva akamsomea. Bwanali akatia sahihi na tarehe.

Miezi minane baadaye kanuni zilitoka. Korongo limefungwa. Kuchimba sehemu nyingine kunaruhusiwa, shimo lifukiwe. Kuchoma moto ni kosa. Yeremia alihamishiwa Masasi. Bibi Stamili alifariki kabla ya masika. Oliva bado ni mtendaji. Faidha alichaguliwa kuingia kamati ya mazingira. Bwanali hutega panya shambani, hupata wachache. Kamati ikikaa, naye huja, hukaa nyuma, huuliza nani mgeni leo.