Kijiti cha Chini ya Helisi

Kila siku shule ikimalizika, Mado hakupita sokoni na wenzake. Alishika njia ya Buluo, madaftari kichwani, viatu mkononi ili visiishe haraka, mpaka kwenye hangari ya zamani, banda la ndege, pembeni ya uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe ulikuwa umebaki nyasi na vichuguu. Wasafiri wake walikuwa mbuzi.

Ndani ya hangari ilisimama ndege ndogo ya viti viwili. Mzungu mmoja, injinia, aliianza kwa mikono yake, halafu mwaka ule wa fujo akaondoka mjini Likasi na sanduku moja tu. Ufunguo alimwachia fundi wake, Papa Floribert, baba yake Mado. Kazi ya Papa kwenye kampuni ya mgodi ilipokufa, akaimalizia ndege ile mwenyewe. Mtambo ulitoka kwenye gari la Volkswagen. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye toroli. Na helisi, lile panga la mbao linalozunguka mbele na kuvuta ndege, Papa aliichonga kwenye mti wa mulombwa, na kazi hiyo ilimla kiangazi kizima.

"Mado, ile ndege yenu njo itaruka, ao itataga mayayi?" Princesse alipenda kumuuliza darasani, na wote wakacheka. Mado aliinamia daftari lake. Alikuwa msichana ambaye maneno yalimfika mdomoni yakageuka nyuma.

Lakini Princesse hakujua ndege ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kumrudisha Mama.

Mama Suzanne alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akaolewa Likasi. Wazazi wake ndio waliotoka Kasaï, zamani, kutafuta kazi ya mgodi. Mwaka ule watu wa Kasaï walipoambiwa warudi kwao, Kaku, mama yake, alikuwa mzee na miguu imevimba. Nani angempeleka? Mama akapanda naye treni. Alisema, "Namufikisha tu Kaku, narudia." Mado alisimama kituoni mpaka mkia wa treni ukapotea. Baada ya hapo treni zikawa za kubahatisha, barabara ikafa, na Mama akabaki Mwene-Ditu, kule Kasaï. Mado alikuwa bado anamwekea kikombe chake, kile chenye mpini uliovunjika, kimefunikwa kwenye kabati.

Sasa mambo yalikuwa yametulia kidogo. Tonton Godefroid, kaka yake Papa, ambaye zamani aliendesha ndege ndogo za misioni, alikubali kwenda kumchukua. Kiti cha pili Papa alikishonea kitenge cha Mama, kile cha bluu chenye ndege weupe.

Siku moja walikwenda parokiani kwenye phonie, ile redio ya kuzungumza na ndugu wa mbali. Mstari ulikuwa mrefu, na kila mtu alisikia habari za kila mtu. Papa akashika chombo.

"Suzanne, mbele ya mvula Godefroid anakuya kukutwala. Iko kiti yako. À toi!" Ndivyo walivyopeana zamu ya kusema.

Sauti ya Mama ilitoka ikikwaruza kama inatoka chini ya mchanga, lakini ilikuwa yake. "Nasikia! Nasikia! Na Mado? Iko pale? Anipe sauti."

Papa alimpa Mado chombo. Mstari mzima ukageuza macho. Mado akabonyeza, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Mado?" Mama akangoja. "Bon. Minye najua iko pale. Nasikia vile anapumua."

Njiani Mado alilia bila sauti, na Papa alijifanya anatazama mawingu.

Ili kupata mafuta ya safari, Papa alikwenda ziwani Tshangalele kutengeneza mitambo ya mitumbwi ya wavuvi. Alijua atakawia. Kabla ya kuondoka alimpeleka Mado mbele ya ndege.

"Angalia. Uzito ya moteur, mutambo yote, inalala kwa pua hii. Kati ya roue, gurudumu hii ya mbele, na moteur iko vipande ya mipira, nilikata kwa mukanda ya kubebea mawe ya mugodi. Ndege ikisimama tu siku mingi bila kuinuliwa, mipira inachoka, inakuwa kama andazi ya jana. Pua inashuka. Pua ikishuka, helisi inakaribia udongo. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Kila mangaribi unafunga gunia ya muchanga kwa mukia. Pua inapanda, unasukuma kigogo chini yake, roue inabaki mu hewa. Unapaka grisi, unapima pumuzi ya roue. Na ndege ikiwa kwa kigogo, muntu asipande ndani, itateleza."

Kisha akachukua kijiti kilichoning'inia ukutani. Alikuwa amekikata sawa na kiganja chake kilichotandazwa, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo. Gurudumu likiwa chini, helisi inasimamishwa wima, na kijiti kinapitishwa kati ya ncha yake na udongo. Kikipita, ndege inaweza kuwashwa. Kikigusa, hapana.

Siku za kwanza Mado alifanya vyote. Halafu hamu ikamshinda. Kitenge kile kwenye kiti cha pili kilikuwa bado na harufu ya sabuni ya Mama, kidogo sana, chini ya harufu ya mafuta. Jioni moja alifungua gunia, akatoa kigogo, akashusha pua taratibu, akapanda akakaa. Aliegemeza shavu kwenye kitenge na kuongea na Mama, maneno yote yaliyokataa kutoka kwenye phonie. Alimweleza habari za Princesse, habari za kikombe, na jinsi Papa anavyounguza ugali. Alipoteremka jua lilikuwa limezama, na gunia lilikuwa zito. Akasema moyoni, kesho.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Na kesho kutwa. Kigogo kikalala pembeni, na buibui akajenga nyumba yake pale. Grisi alipaka. Pumzi ya gurudumu alipima. Lakini pua haikuinuliwa tena.

Papa akarudi akiwa mweusi wa jua, na mabidoni yamejaa mafuta, anaimba. "Samedi asubuhi tunarusha! Godefroid amekubali kwenda kutwala Mama siku ile!"

Ijumaa mchana, Papa alipokwenda kumwita Tonton, Mado alibaki peke yake. Akasimamisha helisi wima, akachukua kijiti, akakipitisha chini. Kikagonga. Akajaribu upande mwingine. Kikagonga tena.

Mado alikaa chini. Alijua maana yake. Kutafuta mkanda mwingine, kukata mipira, kufungua mguu wa mbele wote. Na mvua ilikuwa karibu, joto lilikuwa linabana kama mkono. Mvua ikianza, uwanja unakuwa tope. Akamwona Mama kule, amefunga mizigo, anatazama juu.

"Ni kidogo tu," alijiambia. "Ni kama unene ya kidole." Akachukua kisu cha kazi cha Papa, akakata ncha ya kijiti, akaisugua kwenye udongo ili weupe wa mti usionekane. Kipande kile alikitupa kwenye mbabula, jiko la makaa la pale hangarini. Kiliwaka, kikawa majivu. Akapima tena. Kikapita vizuri kabisa.

Jumamosi, ile samedi ya Papa, walisukuma ndege mpaka mwanzo wa uwanja. Tonton Godefroid, mnene, kofia ya ngozi kichwani, alijipenyeza kwenye kiti huku akiguna.

"Floribert, kiti hii ulipima kwa nani? Kwa kuku?"

"Kwa muntu anakula kidogo, yaya!" Papa akamjibu kaka yake.

Papa akamimina mafuta kwenye tangi lililo nyuma ya mtambo. Mado aliona pua ikiinama zaidi, polepole, kama mtu anayesinzia. Papa akachukua kijiti, akapiga goti, akakipitisha kwa shida. Kilikwaruza, lakini kilipita.

"Inapita!" alisema, na uso wake ulikuwa wa furaha ambayo Mado hakuwa ameiona tangu siku ya treni. Akatupa kijiti kwenye nyasi, akaweka mikono miwili juu ya helisi tayari kuizungusha.

"Contact?" akaita, kumuuliza Tonton kama yuko tayari kuwasha.

Mado aliona vyote kwa mara moja. Helisi ikikata udongo, mbao za mulombwa zikiruka, na Papa amesimama mbele yake. Akataka kupiga kelele. Maneno yalifika mdomoni, kama kawaida, yakageuka.

Basi akakimbia. Akamshika Papa mkono, akamvuta kwa nguvu.

"We Mado! Unakuwa na wazimu? Toka hapa!"

Hakutoka. Alivuta ule mkono chini ya helisi, akavitandaza vidole vya Papa. Kidole gumba kikagusa udongo. Kidole kidogo kikapanda, kikagonga mbao, kikakunjika. Mkono wa Papa haukuenea.

Papa alitazama mkono wake. Akatazama kijiti kwenye nyasi. Akakiokota, akakilaza juu ya kiganja. Kilikuwa kifupi.

"Nani alikata?"

"Minye," Mado alisema. Neno moja, lakini lilitoka, na mengine yakafuata. "Minye, Papa. Sikuinua pua. Nilikuwa naikala mu kiti ya Mama. Nilikata kijiti ili mvula isikute bado haujamutwala."

Tonton alishuka, akavua kofia. Papa aliketi kwenye nyasi na kushika kichwa.

"Mama anangoja kule," alisema. "Nani atamwambia hatukuyi?" Akamtazama bintiye bila hasira, na hilo liliuma zaidi. "Weye njo utamwambia."

Parokiani mstari ulikuwa mrefu kama siku ile, na Princesse naye alikuwamo, pamoja na shangazi yake. Zamu yao ilipofika, Papa alimpa Mado chombo na kurudi nyuma.

"Mama," alisema. "Ni minye, Mado. Ndege haikuyi. Ni kosa yangu. Niliacha mipira ikachoka, kisha nilikata kijiti ya kupimia ili Papa asione. À toi."

Phonie ikakwaruza.

"Mado wangu," Mama akasema, na sauti yake ilikatika, labda ni redio, labda siyo. "Kumbe iko na sauti. Basi nangoja. Mutengeneze vizuri. Minye nangoja."

Walipotoka Princesse aliwakimbilia nyuma. Mado alijikaza akingoja utani. Princesse alimwambia tu, "Mjomba wangu iko na kipande ya mukanda ya mugodi, munaweza kukata mipira. Kesho nakuletea."

Mipira ile Mado aliikata mwenyewe, akiwa amepiga magoti, mpaka malengelenge yakatoka viganjani. Papa alimwonyesha mara moja, kisha akamwacha. Walifungua mguu wa mbele, wakausafisha, wakaupaka grisi, wakaufunga tena. Kijiti kipya kilikatwa kwa mkono wa Papa. Mvua ya kwanza ikanyesha wakiwa bado kazini, na Mado aliisikiliza juu ya mabati kama mtu anayesomewa hukumu. Kila jioni alifunga gunia, akasukuma kigogo. Kwenye kiti hakupanda. Alisimama kando, akagusa kitenge kwa kidole kimoja, akaenda zake.

Hatimaye jua likakausha uwanja. Kijiti kikapita, na juu yake ikabaki nafasi. Tonton akaondoka asubuhi, na ile ndege ya kutaga mayai ikapanda ikawa ndogo, ikawa nukta, ikaisha. Usiku wake Mado hakulala.

Kesho yake alasiri nukta ikarudi. Ndege ilizunguka uwanja, mbuzi wakakimbia, ikashuka. Magurudumu ya nyuma yakagusa kwanza. Kisha la mbele likagusa, na likaingia mahali ambapo udongo ulikuwa bado laini wa mvua. Pua ikainama. Ikainama sana. Papa akaweka mkono mdomoni. Halafu mipira ikasukuma, pua ikainuka, ndege ikatikisika na kusimama.

Mlango ukafunguka. Mama Suzanne akateremka, amekonda, viatu mkononi. Mado alitaka kukimbia lakini miguu ilikataa, kwa hiyo ni Mama aliyekimbia.

Walipoachiana, Tonton aliwaita mbele ya ndege. Ncha za helisi zilikuwa za kijani. Zilikuwa zimekata nyasi.

"Munaona?" alisema. "Udongo ilikuwa chini kidogo tu ya hapa. Kama ni mipira ya siku ile, helisi ingevunjika, na minye na mama yako tungelala kichwa chini." Aliweka mkono mzito begani kwa Mado. "Kuwa na hamu ya mama yako haiko mubaya. Minye pia ningekala mu ile kiti. Lakini hamu haiwezi kuinua pua ya ndege. Ni kazi ya kila mangaribi njo inainua. Na kipimo kikisema hapana, unatengeneza kintu, hautengenezi kipimo. Na kama umekosea, sema wakati helisi haiyazunguka. Ile ulifanya, na ni juu ya ile tuko hapa."

Walisukuma ndege hangarini. Papa alikuwa tayari njiani na mizigo, akiita kwamba ugali unapoa.

"Tuende, Mado," Mama alisema.

"Ngoja, Mama. Kwanza pua."

Akafunga gunia kwenye mkia. Mama akaweka mikono yake juu ya gunia, akasukuma pamoja naye. Pua ikapanda. Mado akasukuma kigogo mahali pake, gurudumu likabaki hewani likizunguka polepole.

"Sasa nieleze yote," Mama alisema, "toka siku ya treni."

Na Mado akaanza kusema. Walifika nyumbani hajamaliza, akasimama tu kidogo kufungua kabati na kutoa kikombe chenye mpini uliovunjika.