Mlio wa Kamati ya Harusi

Harufu ya udi ilimfikia Bi Siwema saa nne asubuhi, jua limeshawaka, ameinamia karai la vitumbua nje ya nyumba yake pale Yombo. Akanyanyua kichwa. Udi, saa nne? Tena ule mzito, uliolowekwa kwenye marashi, si huu wa vijiti wa dukani.

"Mama Adelard," akamwita Margareta, jirani yake aliyekuwa anasubiri vitumbua vya wanawe, "umechoma udi?"

"Udi wa nini tena, Bibi? Mie nasikia mafuta na njaa yangu tu."

Bi Siwema akataka kucheka. Kilichofuata hakukijua. Alipojiona tena alikuwa amekaa mchangani, miguu ameikunja kama mwanamume aliyekaa barazani kwake, vitumbua vimekuwa mkaa, na Margareta yuko ng'ambo ya barabara, kandambili mkononi, anamwangalia kama mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda cha mtoto.

"Nini? Nimefanya nini?"

"Hakuna kitu, Bibi."

"Margareta! Nimekuuliza."

"Nimesema hakuna kitu!" Akaondoka mbio mbio, vitumbua vyake hata hakuvikumbuka.

Hasira ya kwanza ilimshika hapo hapo. Maana Bi Siwema alijua vizuri sana nani aliyekuja. Asichokijua ni nani aliyemwita.

Nyumbani kwake pepo huyo aliitwa Mgeni. Jina lake lenyewe halikutajwa. Alimwingia Bi Siwema miaka thelathini na moja nyuma, akamsumbua, akamtupa kwenye jiko la mkaa mara mbili, makovu yako mkononi mpaka leo, hadi Mwinshehe, fundi wa pepo wa kule Mbagala, alipokaa naye kitako wakapatana. Mgeni atakuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Rajabu, akiitwa kwa chapuo, ngoma ndogo ya Mwinshehe, na kwa mapigo yake mwenyewe, kwa sababu kila pepo ana mapigo yake na ya mwenzake hayamhusu. Atakuta sinia: halua, asali, yai bichi, marashi ya kunywa. Atavishwa kanzu nyeupe, atakula, atacheza, ataondoka. Na Bi Siwema, ambaye ni kiti chake, ndivyo wanavyomwita mtu anayepandwa, atabaki na mwaka wake wa amani. Kila akija alitanguliza harufu ya udi, na harufu hiyo aliisikia kiti peke yake. Mwinshehe, na ufundi wake wote, hajawahi kuisikia hata siku moja.

Miaka yote hiyo Mgeni hakuvunja neno. Na Rajabu ilishapita, sinia lilishaliwa, kanzu ilishafuliwa ikakunjwa. Alikuwa anataka nini tena?

Siku ya Alhamisi akaja msibani. Bi Siwema alikuwa amekaa mkekani kwa marehemu mzee Shomari, ubavuni mwake mjukuu wake Mwamvua, simu mapajani kama kawaida yake. Udi ukamjaa puani. Aliporudi alikuwa uani, khanga imechanika, wanawake wamemzunguka kwa mbali, na mmoja ananong'ona kwa sauti ya kutaka kusikika, "Bibi mzima, kwenye matanga ya watu, anadai aletewe marashi! Si aseme tu anataka kuchezewa ngoma."

"Nani kadai marashi?" akafoka Bi Siwema, koo limekauka kama limesuguliwa na mchanga. "Nani? Njoo useme hapa, ukiniangalia usoni!"

Mwamvua akamshika mkono. "Twende nyumbani, Bibi. Umechoka tu."

"Sijachoka! Natumiwa Mgeni!"

Jumamosi alikuja mara tatu. Jumapili mara tano. Bi Siwema akawa anaamka magoti yana michubuko asiyoijua, taya linauma kwa maneno asiyoyasema, na akifika kwenye karai lake anasahau kugeuza vitumbua kwa kusubiri, maana sasa alikuwa anaishi kwa pua yake, akisikia vumbi, akisikia sabuni ya jirani, akisikia dagaa wa mtu wa tatu mtaani, na kila harufu ikipita anamshukuru Mungu kwamba si udi, na kabla hajamaliza kushukuru udi huo umekuja, kutoka chini ya kucha zake mwenyewe, na jua lote lile la mchana linazimika kama mtu kafunga dirisha.

Wateja wakahama. Margareta akawa anapita njia ya nyuma.

Ndipo Bi Siwema alipomwita Mwinshehe, kwa ugomvi, kwa kumtumia mtu na maneno makali. Mzee wa watu akaja Jumatatu adhuhuri, jasho linamtiririka, akaketi kwenye kigoda uani.

"Unalipiga chapuo lako kwa nani, Mwinshehe?"

"Siwema, mie?"

"Wewe! Nani mwingine anayajua mapigo yake? Unanivua nguo mbele za watu, uzeeni!"

"Wallahi chapuo limetundikwa tangu Rajabu. Hata buibui kashajenga ndani." Mzee akashika kifua. "Mie nikuite mgeni wako bila sinia? Si anile mie kwanza?"

Mwamvua, ambaye Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupumzika na kazi ya saluni, akatoka na maji ya kunywa. "Shikamoo, babu." Akainama amkabidhi kikombe. Simu ikiwa imechomekwa kiunoni kwenye dera lake, ikalia.

Mbili za haraka. Moja ya kuvuta. Kimya. Kisha tatu.

Kikombe kikaanguka. Mwinshehe alikuwa anaitazama simu ile kama aliyesikia sauti yake mwenyewe ikisema ndani ya nyumba ya mtu mwingine. "Huo," akanong'ona, "ni mkono wangu."

Bi Siwema akafungua mdomo. Udi ukaingia.

Aliporudi kivuli cha ukuta kilikuwa kimevuka ua mzima. Mwamvua analia kwa kwikwi, mgongo umebana mlango. Mwinshehe amekaa chini, kofia imemdondoka na hakuiokota.

"Kasemaje?" akauliza Bi Siwema.

Mwamvua akaificha simu ndani ya dera.

"Thelathini na moja! Miaka thelathini na moja anautumia mdomo huu, na kila siku mie ndiye wa mwisho kujua ulichosema. Leo mtaniambia."

"Nimemrekodi, Bibi," akasema Mwamvua. "Niliogopa usingeniamini."

"Washa."

"Bibi, usisikilize."

"Washa, nimesema!"

Hivyo ndivyo Bi Siwema alivyomsikia Mgeni kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu, yenye kiburi, na chini yake, kama uzi ndani ya nguo, kulikuwa na pumzi yake mwenyewe Bi Siwema, ile inayopiga mluzi kidogo kwa sababu ya jino lililotoka.

"Mnaniita, nakuja," ilisema sauti. "Sinia liko wapi? Mnaniita tena. Kanzu iko wapi? Mbwa akiitwa hutupiwa mfupa. Mie naitwa kutwa, nakuja nakuta vitumbua. Nakuta matanga. Naitwa saluni, nakwenda, nasimama nyuma ya huyu mtoto, namwangalia kwenye kioo anavyosuka watu, hageuki. Anacheka na simu, ananiita tena." Nyuma yake Mwamvua alisikika akilia. "Kiti hiki kimelegea. Magoti yake yanalia nikisimama. Lakini huyu mdogo ana mgongo mzuri. Na hakuna aliyewahi kuniita kwa hamu kama yeye. Nitahamia kwa anayenitaka."

Simu ikanyamaza.

"Mwamvua," akasema Bi Siwema polepole. "Umefanya nini?"

"Mie sikujua, Bibi! Kila grupu nimeliwekea mlio wake. La saluni linalia kuku, Fransis wangu analia filimbi. Ili nijue anayeniita ni nani kabla sijashika simu. Hii kamati ya harusi ya shoga yangu Jesca ilipoanza, mie ndo katibu, meseji haziishi... nikakumbuka nilirekodigi ngoma yako ya Rajabu. Mdundo mtamu, Bibi. Nikakata kile kipande cha mwanzo nikawawekea wao. Basi."

"Basi!"

"Kila mmoja na mlio wake," akasema Mwinshehe kama anayejisemea. "Hata yeye ndivyo anavyojua anaitwa."

Bi Siwema alimpiga mjukuu wake kofi moja la bega, la kwanza tangu mtoto yule aachiwe kwake akiwa wa kubebwa mgongoni, kisha akamvuta akamkumbatia kwa nguvu hivyo hivyo. "Futa. Sasa hivi, nikiona."

Mwamvua akafuta mlio, akafuta na ile ngoma yote. Simu ikabaki na mlio wake wa kiwandani, ting, kama kijiko kwenye glasi.

Mwinshehe akakohoa. "Siwema, sikiliza. Kumkatalia akishapenda ni hatari. Pengine ni heri. Wewe utapumzika, umembeba vya kutosha. Na binti ana nguvu, tutamfundisha, atakuwa kiti kizuri..."

"Rudia."

"Nasema tu..."

"Mzee mzima unakaa uani kwangu unamtazama mtoto wangu kama kigoda kipya!" Bi Siwema alisimama, na magoti yalilia kweli, na hakuyajali. "Yanayomkuta mtu aliyekaliwa, unayajua wewe? Wewe unapiga ngoma, unakula pilau, unarudi kwako Mbagala. Mie nimeachwa na mume kwa ajili yake. Nimelea wanangu nikiwa na kovu la jiko. Hajui mtu nilichobeba, nami sijamlalamikia mtu. Lakini huyu, hapana. Kesho njoo na chapuo lako. Nitasema naye mwenyewe."

"Kiti hasemi na mpandaji. Ukimsikia anakuja, umeshaondoka."

"Kuna pumzi moja katikati. Naijua. Pumzi hiyo inanitosha."

Kesho yake mchana kweupe sinia likatandikwa, halua na asali na yai na marashi, kanzu ikanyooshwa juu ya mkeka. Mwamvua akapelekwa kwa Margareta, na Margareta, kwa hofu yake yote, akamfungia chumbani akakaa mlangoni na rozari yake. "Nenda, Bibi," alisema. "Huyo mgeni wako hapiti kwangu."

Mwinshehe akapiga. Mbili za haraka. Moja ya kuvuta. Kimya. Tatu. Udi ukaja, na Bi Siwema akausubiri umjae puani, ujae kooni, na pale pumzi ilipokuwa inageuka kuwa si yake tena akaishika kwa meno akasema yote mfululizo, kwamba nimekupa mwili wangu nikiwa mbichi na nikiwa mkavu, nimekuvisha, nimekulisha, sikukufukuza hata mashehe waliponiambia nikufukuze, aibu yako nimeivaa mie, na kama hasira unazo basi mie ninazo kukuzidi, kiti chako ni hiki, utakaa hiki mpaka kife, na siku kitakapokufa utarudi ulikotoka, yule mtoto humgusi, humgusi, humg...

Jua likarudi. Sinia lilikuwa tupu. Hata ganda la yai halikuwepo.

"Kasemaje?"

Mwinshehe alikuwa anafunga chapuo lake kwenye kitambaa, haraka haraka. "Kala. Kanywa. Akasema neno moja tu: Nimesikia."

"Nimesikia? Hakuapa?"

"Neno moja tu, Siwema."

Siku saba zikapita. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Margareta akarudi wa kwanza, akala vitumbua viwili papo hapo, amesimama. Magoti ya Bi Siwema yakapona, koo likalainika, na akagundua kwamba amesahau kunusa.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, unga umekaa vizuri, mafuta yamechemka. Mwamvua alikuwa mlangoni anachana nywele. Ndani simu ikalia, ting, na hakuna aliyeshtuka, kijiko kwenye glasi tu.

"Bibi," akasema Mwamvua. "Leo umechoma udi?"

Mti wa kugeuzia ukabaki hewani.

Bi Siwema akavuta pumzi. Mafuta. Iliki. Vumbi la barabarani. Akavuta tena, mpaka mbavu zikamuuma. Mafuta, iliki, vumbi. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja udi ulikuwa umekuja na yeye hausikii.

"Mzito hivi," akasema Mwamvua, anatabasamu kidogo, macho yanaangalia mbali. "Kama wa kwenye marashi."

Bi Siwema hakusubiri. Alitupa mti ule, akajifunga khanga kiunoni kwa fundo la vita, akalibinua beseni la unga, uji mweupe ukamwagika mchangani, na kwa mikono yake miwili yenye makovu akalipiga beseni kitakoni. Mbili za haraka. Moja ya kuvuta. Kimya. Tatu.

"Huku!" akafoka. "Mwongo wee, huku! Kiti chako ni hiki!"

Akanusa. Mafuta. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka Margareta akatoka nje na watu barabarani wakasimama. Akanusa. Iliki. Akapiga, akapiga, hasira zinamtoka machoni, na alipogeuka kumtazama mjukuu wake mlangoni aliona kitana kimeanguka chini, na mguu wa kulia wa mtoto, taratibu, kisigino kwanza kama anavyocheza mwanamume mtu mzima, umeanza kuufuata mdundo.