Jina Alilolitunga Belinda

Kengele ya saa nne ilipolia, wenzake walikimbilia uji; Belinda alikimbilia chumba cha kompyuta. Mtoto huyu wa darasa la saba hakujua kutulia. Shule yao ya Mkiwa ilikuwa na mtandao wake mdogo, uliounganishwa na mitandao ya shule mbili za Manyoni. Wanafunzi waliandikiana humo habari za masomo, mifugo na nyumbani, na mtu wa nje hakuweza kusoma. Belinda, katibu wa klabu ya kompyuta, ndiye aliyekabidhiwa nywila.

“Tunaandika tusomwe na nani, kuku?” alilalamika kila siku. Alitaka maandishi yao yafike kwenye mtandao mkubwa, ule ambao nchi nzima imo. Akatafuta namna ya kuunganisha, akaipata. Ila kila mwanachama alitakiwa kukubali kwanza, na Belinda alijua wakiambiwa ukweli wengi watakataa. Basi akauita muungano huo “Ukumbi wa Marafiki,” na chini yake akaandika: Bonyeza hapa kujiunga.

“Mbona hujaeleza kuwa watu wote wataona?” aliuliza Kefa, mwanaklabu mwenzake.

“We naye! Nikieleza yote hayo nani atabonyeza?”

Wote ishirini na sita wakabonyeza.

Siku ya tatu Yunisi, mwanaklabu mwingine, alikuja shuleni macho yamevimba. Zamani kidogo aliandika kwenye mtandao wa shule kwamba anatumia dawa za kifua kikuu, ili kumtia moyo msichana wa Manyoni mwenye ugonjwa huohuo. Kumbe maandishi ya zamani nayo yalikuwa yametoka! Sasa yalisomwa stendi nzima, pale mama yake anapouza wali.

“Jana sufuria la mama limerudi nyumbani limejaa wali,” Yunisi alisema. “Nani kanitangaza?”

“Labda kompyuta imekosea yenyewe,” Belinda alijibu haraka.

Siku ile Belinda hakutulia. Alifungua daftari, akalifunga. Alienda bombani mara nne bila kiu. Kila Yunisi alipofuta machozi, Belinda aligeuza uso kwa aibu. Mwisho alishindwa, akaenda kwa Mwalimu Aneth, mlezi wa klabu, akaeleza yote.

Mwalimu alikata muungano palepale, wakafuta yaliyotoka. Lakini kuna watu walishayanakili.

“Maji yakimwagika hayazoleki,” Mwalimu alisema. “Twende kwa mama yake. Utasema mwenyewe.”

Wakampitia muuguzi wa zahanati, wakafika stendi.

“Shikamoo, mama,” Belinda alisema. “Ni mimi niliyemtangaza Yunisi. Niliwadanganya wote.” Akaangua kilio mbele ya abiria.

Mama Yunisi aliweka upawa chini. “Marahaba,” akaitikia. “Umeniumiza, mwanangu. Lakini umekuja.”

“Niwaeleze watu?” muuguzi alimnong’oneza. Mama akakubali kwa kichwa. Muuguzi akavuta benchi, akaagiza wali, na huku akila akawaambia waliosimama kwamba Yunisi anafuata matibabu vizuri, vipimo vinaonyesha haambukizi, na tena kifua kikuu hakipiti kwenye chakula. Dereva mmoja wa lori akakaa. Wengine wakamfuata.

Wiki iliyofuata klabu ilitaka kuunganisha upya. Safari hii Yunisi ndiye aliyeombwa kutoa jina, akaandika: “Nje kwa Watu Wote.” Walibonyeza tisa.

“Tisa tu, Mwalimu?” Belinda alisikitika.

“Tisa wanaojua wanakokwenda,” Mwalimu Aneth alijibu. “Wale wa kwanza uliwachukua tu. Mtu akikubali asilolijua, Belinda, hajakubali.”