Njia ya Tano

"Mvua imefika Bungoma."

Sauti ya Pauline Nasimiyu, mkuu wa kikosi chao cha polisi, ilikwaruza kwenye kifaa kidogo sikioni mwa Chepngeno. Maana yake ilikuwa moja tu: malori kumi na mawili yamevuka mpaka Lwakhakha.

Chepngeno aliendelea kuchapa. Mbele yake palikuwa na kompyuta ya ThinkPad, nyuma yake alisimama Festus Ndirangu, mkuu wa magendo hayo, na chini ya koti lake bastola ya Glock 19 ilikuwa tayari.

Hapo Kitale, orofani juu ya duka la pembejeo, walimjua kama Sally wa kompyuta. Miezi minne alikuwa amekunywa chai ya mtu huyu, akamchekea, akamwita bosi. Kila siku ilimchoma. Mwaka uliopita Ndirangu alimpiga risasi Jairus Wakoli, mwenzake Chepngeno wa kazi kwa miaka sita, akamtupa kwenye miwa ya Kabuchai. Chepngeno ndiye aliyemwokota.

Hakuja Kitale kutafuta amani. Alikuja kulipiza.

Malori yalibeba mahindi ya kula yaliyopakwa rangi yakafanana na mbegu. Yakifika madukani, wakulima wangapanda hasara.

Silaha ya Ndirangu ilikuwa jedwali. Kurasa saba, moja kwa kila siku ya wiki. Kila ukurasa mistari ya saa, na safu nne za barabara. Moja, polisi wapo. Sifuri, njia nyeupe. Madereva walilisoma kwenye simu, wakafuata sifuri kama vipofu.

Na kikosini alikuwa na masikio. Pauline hangehamisha hata askari mmoja bila Ndirangu kupata habari.

Basi askari wangebaki walipo. Namba ndizo zingehama.

"Sally, niwekee na barabara ya Ndalu," Ndirangu akasema. "Sasa hivi."

Chepngeno alimweleza ukweli mtupu. Jedwali halivutwi tu likapanuka. Unaunda jipya, pana, kisha unahamisha kila mstari wa kila ukurasa hadi mahali pake papya. Dakika ishirini hivi.

"Ishirini ya nini, bana? Malori ziko barabarani. Si jedwali iko? Panua tu."

"Bosi, namba zitavurugika."

"Nimesema panua."

Akapanua.

Machoni pa mtu lile lilikuwa jedwali. Ndani ya mashine lilikuwa foleni moja ndefu ya namba, iliyokatwa nne nne. Chepngeno aliongeza nafasi mwishoni, akaiamuru mashine ikate tano tano, na hakuhamisha kitu. Mstari wa kwanza ukanyang'anya namba moja ya mstari wa pili. Wa pili ukanyang'anya mbili za wa tatu. Kufikia ukurasa wa Ijumaa, ambayo ndiyo siku yenyewe, hakuna saa iliyokuwa na namba zake.

Skrini ilimeta kwa sifuri nzuri nzuri.

"Ona sasa," Ndirangu akasema, akimpiga begani. "Nyinyi watu wa kompyuta mnapenda kujifanya kazi ni ngumu."

Saa nane kasorobo simu yake ililia. Lori la kwanza limenaswa Chwele, mahali palipoandikwa sifuri. Kisha mawili kwa mpigo. Kufikia saa nane na nusu simu za madereva wote zilikuwa zimezimwa.

Ndirangu aliwatukana watu wake wa ndani kwamba wamemuuza. Skrini hakuishuku hata kidogo, kwa sababu upanuzi aliuagiza mwenyewe. Akanyakua funguo za Prado.

"Mimi natoka nchini. Saa kumi, njia gani iko safi?"

Chepngeno aliteremsha kidole taratibu.

"Kabuchai, bosi."

Alimwacha ashuke ngazi, ndipo akagusa kifaa sikioni. Alimwambia Pauline kwamba Prado inawaendea askari walioko Kabuchai, akamwomba jambo moja: Ndirangu asiuawe, na apewe simu.

Saa kumi na dakika sita Pauline alipiga.

"Tuko naye. Amelala kifudifudi kwenye miwa."

"Mwekee sikioni."

Alisikia mtu akihema.

"Ndirangu, mimi si Sally. Naitwa Chepngeno. Nilifanya kazi na Wakoli."

"Madam, tafadhali. Tuongee."

"Wakoli alikuomba hivyo hivyo?"

Alihema tena, haraka zaidi.

"Nimekuuliza."

"Aliomba," Ndirangu akasema, sauti imekwisha.

"Hayo utayarudia mbele ya mama yake, mahakamani."

Akakata simu. Alikuwa amedhani moyo wake utatulia. Haukutulia. Ulifurahi, na hakuona haya yoyote.

Akafunga ThinkPad, akaitia kwenye mkoba, akashuka. Dukani chini, Gladwell wa kaunta alimuuliza kama kesho angekuja kazini.

"Kazi imeisha," Chepngeno akasema, akavuka barabara bila haraka.