Gurudumu la Nyuma Kushoto

Hivi wewe umewahi kuandika jibu la hesabu ambayo hukuifanya? Usinijibu. Nisikilize kwanza habari za Sisimizi.

Sisimizi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na shangazi yake, maana alikuwa mdogo wa umbo na hatulii mahali pamoja. Shangazi alikuwa fundi wa magurudumu. Gereji yake ilikuwa na paa la bati na sakafu ya saruji iliyopigwa deki kila asubuhi. Ukutani kila spana ilikuwa na msumari wake, na nyuma yake limechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ijulikane mara moja.

Kila akitoka shule, Sisimizi alivua sare, akala, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguu mara tatu, akaenda gereji kupima na kuandika daftarini. Spana ndefu ya kukazia nati za magurudumu alikuwa bado hajaruhusiwa kuishika. Aliitazama tu pale ukutani, kama mtu anavyotazama mkate wa mwenzake.

Jumatatu moja aliingia kinyozi wa mtaa wa pili. Gari lake dogo la buluu lilikuwa limeshushwa springi mpaka likakaribia kulamba lami.

"Karibu, kinyozi," Shangazi alisema. "Hata paka hapati pa kujificha chini ya gari lako."

"Ndivyo ninavyolipenda, dada. Sasa nataka rimu pana na tairi pana. Jumamosi nambeba mdogo wangu, bibi harusi. Nataka watu wageuze shingo!"

"Watageuza. Ila gari lililoshushwa halina nafasi ya mchezo. Tairi ikizidi upana, gari likijaa watu linakaa chini, ukingo wa bodi unaikwangua tairi. Ikipasuka njiani, shingo zitageuka kwa jambo jingine. Sisimizi! Lete daftari."

Sisimizi alipima nafasi ya magurudumu mawili ya mbele, nje na ndani, taratibu kama alivyofundishwa. Akapima la nyuma kulia. La nyuma kushoto lilikuwa upande wa ukutani, na kulifikia ilibidi ujibanze. Mara akasikia sauti za wenzake nje.

"Sisimizi! Kamba iko tayari! Usipokuja tunaruka zamu yako!"

Akatazama ukuta. Akatazama daftari. "Si ni pacha wa hili la kulia?" akajiambia, akanakili namba zilezile.

"Umepima yote manne?" Shangazi aliuliza.

"Yote, Shangazi."

Akakimbilia kamba. Lakini siku hiyo kamba haikumpenda, ilimgonga miguuni kila mara.

Rimu na tairi zikaagizwa kwa vipimo vile. Ijumaa alasiri Shangazi alikuwa amekwisha kuzifunga, na gari limependeza, linang'aa kama sahani mpya. Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Gari lililoshushwa halitoki kabla majirani wazito hawajaingia ndani, likapitishwa juu ya tuta la langoni. Lakini kinyozi alikuwa anakanyaga huku na huku.

"Dada, nina vichwa sita vinanisubiri, na kimoja ni cha bwana harusi mwenyewe! Nipe ufunguo niende."

Shangazi akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye namba. "Haya. Kila upande kuna nafasi ya vidole viwili. Leo tuwaache majirani wapumzike."

Akanyoosha mkono kumpa kinyozi ufunguo. Akilini Sisimizi akamwona bibi harusi amekaa ndani ya gari lile na gauni lake jeupe, akaiona na tairi ikipasuka.

"Shangazi, usimpe!"

"Kuna nini?"

"La nyuma kushoto sikulipima. Niliandika namba za mwenzake." Machozi yakamlenga. "Nilitaka kwenda kuruka kamba."

Shangazi hakupiga kelele. Alitia ufunguo mfukoni, akasema, "Nenda kawaite majirani."

Wakaja muuza unga, ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake, na mshonaji, na dobi. Kinyozi akashika usukani.

"Muuza unga, wewe kaa nyuma kushoto," Shangazi alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa nini unauliza?" mshonaji akamjibu, na wote wakacheka.

Gari likazama. Likapanda tuta, likashuka. Krrrr! Kinyozi akashika breki, akaruka nje. Tairi mpya ilikuwa na mstari mwembamba ubavuni.

"Jamani! Imenyolewa!"

"Pole yako, imekwaruzika juu tu," Shangazi alisema baada ya kuukagua. Akapapasa ukingo wa bodi. "Hapa pamejitokeza. Gari hili limewahi kugongwa."

Kinyozi akajikuna kichwa. "Nguzo ile... mwaka juzi."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza, dada."

Shangazi akafungua gurudumu. "Tutaukunja ukingo kwa ndani. Ila rangi ikiwa baridi itapasuka. Nahitaji hewa ya moto."

Kinyozi akachomoka mbio, akarudi na draya yake ya kukaushia nywele. "Miaka yote nakausha vichwa, leo nakausha gari!"

Sisimizi akaishika draya mpaka mkono ukauma, na Shangazi akaukunja ukingo kidogo kidogo kwa nyundo ya mpira. Gurudumu liliporudishwa, Sisimizi alijibanza ukutani, akapima mara mbili, akaandika. Majirani wakaingia tena. Juu ya tuta, kimya.

"Turudie," muuza unga akasema. "Nimeanza kuzoea."

Majirani walipokwisha kutawanyika, na kinyozi amekimbilia vichwa vyake akiliacha gari mpaka jioni, Shangazi akakalia tairi kuukuu na kumvuta Sisimizi karibu. "Kesho na keshokutwa utapanga spana zote peke yako, hiyo ndiyo adhabu ya kosa lako. Lakini sikiliza, mwanangu. Nilikuwa nampa mtu ufunguo kwa sababu ya neno lako. Kama hujapima, acha pawe wazi. Pakiwa wazi nitapaona. Namba ya uongo siwezi kuiona. Leo umesema kabla gari halijatoka, na kesho bibi harusi atafika salama."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akainuka, akatungua ile spana ndefu, maana nati za rimu mpya hukazwa tena baada ya gari kutembea kidogo. Akasita. "Tangu siku nyingi nikishika hii, naona mdomo wako unacheza. Unataka kusema nini?"

Sisimizi akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Nataka kukaza nati mwenyewe, Shangazi. Nianze na za gurudumu nililoliruka."